Kabla hujakrimpu tena, angalia pakiti inaenda wapi

Wiki hii nimemkuta dogo mmoja anakrimpu, yaani anabana kichwa cha waya wa mtandao, mara ya tatu, eti mtandao wa pili haujibu pingi, kale kaujumbe ka kuuliza kama mashine ya upande wa pili ipo. Nikamwambia weka koleo chini. Wadogo zangu nawapenda ila hili nimelichoka jamani, sikilizeni.

1. Kompyuta ya Linux yenye kadi mbili za mtandao haipitishi pakiti (vipande vya data) za watu mpaka ip_forward, mpangilio wa kuruhusu kupitisha, iwe 1, na uiandike kwenye faili la sysctl linalosomwa ikiwaka la sivyo umeme ukikatika imepotea.

2. Njia ya kurudi. Hapa ndo niliungua. Ofisi ina majengo mawili, uhasibu 192.168.10.0/24, stoo 192.168.20.0/24, katikati nimeweka Linux. Nikaongeza rauti (maelekezo ya njia ya pakiti) kwa wahasibu, nikapingi stoo, kimya. Nikakrimpu upya, kimya. Nikabadilisha kadi, kimya. Nikamwambia mama mhasibu swichi imekufa, akaniamini, akatoa hela, nikafunga mpya na bado kimya vilevile. Akaja mzee wetu wa kazi, hakugusa waya hata mmoja, akafungua tcpdump, programu ya kuonyesha pakiti zinazopita, upande wa stoo: pingi inatoka, inatoka, hakuna kinachorudi. Akauliza, "Mashine za stoo getiwei yao nani?" Getiwei, yaani mlango wao wa kutokea kwenda mitandao mingine, ilikuwa rauta ya intaneti, 192.168.20.1, wakati Linux yangu ni 192.168.20.254. Yaani pingi ilikuwa inafika, stoo inajibu, jibu linapelekwa kwa rauta ambayo 192.168.10.0 haiijui kabisa, linapotelea huko. Tukaiwekea hiyo rauta rauti moja ipitie .254, ikajibu hapohapo. Nikaenda kumwambia mama ukweli, nikamkuta ameshaifunga ile swichi ya zamani kwenye mfuko wa rambo aipeleke kwa fundi. Nzima kabisa. Mpaka leo ule mfuko nauona.

3. Windows: ukiongeza rauti kwa amri ya route add bila -p, mashine ikiwaka upya hamna kitu. Na faiawali yake (ukuta wa ulinzi) inaweza kukubali pingi za jirani ikakataa za subneti nyingine, yaani kipande kingine cha mtandao, icheki kabla hujalaumu rauti.

4. Ukiwa umeingia kwenye mashine kwa SSH toka mbali usifute default rauti (njia yake kuu ya kutokea), utajikata mwenyewe, utapanda daladala usiku kuifuata.

Sasa yule dogo, tulifungua tcpdump pamoja. Yake ilikuwa maski, namba inayosema mtandao wako unaishia wapi, kaandika 255.255.0.0 badala ya 255.255.255.0, kompyuta ikaamini stoo ipo waya huohuo, haipiti kwa getiwei kabisa, inauliza ARP tu, yaani inawaita majirani wa waya huohuo: nani ana 192.168.20.15? nani ana 192.168.20.15? Akaiona mwenyewe, akabadilisha namba moja.