Maswali ya Wasomaji: Kupanda Ziwa Ngosi Wakati wa Kipupwe

SWALI: Assalamu alaykum Mhariri. Mimi ni mwalimu wa skuli hapa Wete. Mimi na wenzangu wanne, sote wanawake wa makamo, tumealikwa harusi Mbeya mwezi wa Julai, na wenyeji wetu wanataka kutupeleka Ziwa Ngosi, ambalo liko juu mlimani. Hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kupanda mlima, na tunaambiwa kwamba kipupwe cha huko si kama hiki chetu cha upepo wa kusi. Je, safari hii inatufaa, na tujitayarishe vipi?
Mwalimu, Wete, Pemba

JIBU: Waalaykumu ssalaam, Mwalimu. Safari hii inawafaa sana, mradi mkubaliane tangu mwanzo kwamba mwisho wenu ni ukingoni, pale ambapo ziwa lote huonekana likiwa chini yenu, wala si kwenye maji yenyewe. Kutoka mahali gari linapoishia hadi ukingoni ni mwendo wa saa moja hadi mbili kwa watu wasio na haraka, na mtu mwenye afya ya kawaida huumudu. Kushuka hadi majini ni jambo jingine kabisa, nalo nitalieleza katika swali linalofuata.

Ziwa Ngosi limo katika safu ya milima ya Poroto, kusini mashariki ya jiji la Mbeya, ndani ya shimo kubwa lililoachwa na volkano ambayo mlipuko wake wa mwisho ulitokea zaidi ya miaka 500 iliyopita. Njia ya kawaida huanzia kijiji cha Isongole, kando ya barabara kuu ya Mbeya kwenda Tukuyu. Mtapita kwanza mashambani, kisha mtaingia msitu mzito wenye mianzi na miti mirefu iliyoota kuvu na ndevu za mwani wa miti, na humo ndimo mlima unapoanza kuwa mkali. Chukueni kijana wa kijijini awaongoze, mkapatane naye malipo kabla hamjaondoka, kwa sababu vijia vya wakata kuni ni vingi na ukungu ukishuka hufanana vyote.

Baridi ndiyo inayonitia wasiwasi kwa ajili yenu kuliko miguu yenu. Visiwa vyetu havina kilima kinachofika hata mita 200 juu ya bahari, ilhali jiji la Mbeya lenyewe liko karibu mita 1,700, na kilele cha ukingo wa Ngosi kinapita mita 2,600. Kila mtu anapopanda mita 1,000 hewa hupoa kwa nyuzi sita hivi, kwa hiyo mchana ambao Wete ungekuwa wa nyuzi 28, kule juu huenda ukawa wa nyuzi 12 au pungufu, na bado hujahesabu upepo. Hatari yenyewe haiji wakati wa kupanda, kwani hapo mwili unachemka na kila mmoja atatamani kuvua sweta. Huja mnapokaa ukingoni mkitazama ziwa, nguo ya ndani ikiwa imelowa jasho na upepo ukipiga mgongoni. Ndiyo maana nawasihi kila mmoja abebe fulana kavu ndani ya mfuko wa plastiki, na aibadilishe pale pale kabla ya kukaa kitako. Juu yake avae sweta la sufu, kisha koti lisilopitisha upepo. Hamna haja ya kununua makoti Pemba, ambako hayapatikani kwa urahisi. Soko la Mwanjelwa jijini Mbeya lina mitumba ya makoti mazuri kwa bei ya kawaida.

Kuhusu mavazi, niseme wazi kwamba baibui refu halifai katika njia ile, si kwa sababu nyingine ila pindo lake hunasa kwenye mizizi na humwangusha mtu wakati wa kuteremka. Gauni pana linaloishia chini kidogo ya magoti, juu ya suruali, pamoja na mtandio uliofungwa nyuma usining'inie, hustiri vizuri na huiacha miguu huru. Makubadhi na ndara yabaki kwa wenyeji wenu. Vaeni raba zenye soli ya meno ambazo mmekwisha kuzizoea, kwa kuwa udongo wa msituni huteleza hata wakati wa kiangazi, pale jua lisipofika.

Laleni Mbeya angalau usiku mmoja kabla ya kupanda, ili kifua kizoee hewa nyepesi. Mkihema haraka ni jambo la kawaida. Simameni, pumzikeni, kisha endeleeni kwa mwendo wa yule aliye mzito kuliko wote. Mwenye pumu, shinikizo la damu au maradhi ya moyo amwone daktari kabla ya kusafiri. Anzeni kupanda saa mbili asubuhi. Ukungu ukiwa umelifunika ziwa msikate tamaa mara moja, maana mara nyingi hupasuka ghafla. Lakini ikifika saa nane mchana teremkeni, hata kama hamjaridhika, kwa kuwa msituni giza huingia mapema kuliko nje. Bebeni maji, tende, mayai ya kuchemsha na chupa ya chai ya tangawizi. Hapo nyumbani, wiki chache kabla ya safari, pandeni na kuteremka vilima vya mikarafuu kwa saa nzima, kila mmoja akiwa na mkoba wake mgongoni. Kuteremka ndiko kunakouma magoti, basi zoezeni hilo zaidi.

SWALI: Mimi ni kijana na naogelea tangu utotoni. Je, naweza kushuka hadi ziwani na kuoga?
Msomaji, Jang'ombe, Unguja

JIBU: Mwanangu, usifanye hivyo. Ukuta wa ndani ni mteremko mkali sana unaoshikiliwa na mizizi, na aliyeteguka kifundo chini kule hana njia ya kutolewa ila kubebwa mgongoni. Maji ni ya baridi, na baridi ya ghafla humkata pumzi hata mwogeleaji hodari wa bahari yetu ya vuguvugu. Tena milima ile hutoa gesi ya kaboni dayoksaidi kutoka ardhini, kiasi kwamba wilayani Rungwe huvunwa kwa matumizi ya viwanda. Gesi hiyo haina rangi wala harufu, ni nzito kuliko hewa, na hutuama mabondeni, ambako humkosesha mtu pumzi bila yeye kujua. Kama utakuwa katika msafara wa akina mama kama hawa wa Wete, kazi ya maana kwako ni kutembea nyuma ya wote, uhakikishe hakuna anayeachwa.