Muulize Ami: Kitabu cha mzee kimekuwa bubu

SWALI: Ami, shikamoo. Nina kibanda cha kupiga chapa na fotokopi hapa Makupa. Mwezi jana alinijia mzee mmoja, baharia mstaafu, presha ya macho imemmaliza uoni. Alileta diwani yake ya zamani ya mashairi, kurasa 140, akitaka nimtilie kwenye simu imsomee. Nikaskani ukurasa mmoja mmoja, nikafanya PDF safi kabisa. Alipoifungua, simu ikawa yasema "picha, picha", basi. Sasa adai pesa zake. Nimekosea wapi? Na je, sheria haitanishika kwa kunakili kitabu cha watu?
Binti wa Makupa

JIBU: Marahaba, mwanangu. Mzee ana haki. Mrudishie pesa, au umalize kazi.

Ulichompa ni picha ya maneno, si maneno. Wewe waona shairi; simu yaona karatasi yenye madoa. Nami tangu macho yangu yazimike nimetumiwa barua za namna hiyo hata na watu wa maofisini, nikaishia kumwomba mtoto wa jirani anisomee mambo yasiyomhusu.

Pitisha picha zako kwenye programu ya kutambua herufi. Tesseract ni ya bure na Kiswahili inakijua, ila uiambie lugha kabla ya kuanza. Kisha keti uhakiki: "ng'ombe" atakuja bila alama yake, na "ili" itakuja na tarakimu 1 katikati.

Penye kazi hasa ni kwamba hii ni diwani. Mashairi yetu mengi huchapwa ukwapi, yaani kipande cha kwanza cha mshororo, upande huu, na utao, kipande cha pili, upande ule, mizani 8 kwa 8. Mashine ikiona ule mwanya wa katikati hudhani ni safu mbili za gazeti: huteremka na ukwapi wote mpaka chini, ndipo irudi juu kuanza utao. Vina vyasikika, maana imekwenda Lamu. Kwa hivyo rudisha kila mshororo kwenye mstari wake, utie mkato kati ya vipande viwili ili sauti ipumzike. Jina la kila shairi lipe mtindo wa kichwa ("Heading") katika programu ya kuandikia, usilikoleze wino tu, mzee apate kuruka kutoka shairi hadi shairi. Namba za kurasa futa. Hakuna kero kama kusikia "arobaini na saba" katikati ya ubeti wa mapenzi. Ukimaliza, hifadhi kama EPUB, yaani faili la kitabu cha kusomwa kwenye simu.

Halafu sauti. Kwenye simu yake chagua ya Kiswahili, kwani ya Kiingereza ikikutana na "pole" huitamka kama mlingoti, na "mate" yakawa rafiki.

Kuhusu sheria, tulia. Mkataba wa Marrakesh ulipitishwa Juni 2013 kwa ajili ya jambo hilihili, na Kenya ilijiunga 2017. Unamruhusu asiyeona, au anayemsaidia, kutengeneza nakala atakayoweza kuisoma mwenyewe, maadamu kitabu amekipata kihalali. Lakini akija mteja mwenye macho yake akataka "ile ya mzee" ukamuuzia, hapo usinitaje.

Kuna atakayekwambia mzee ajifunze breli. Ni nzuri, naisoma, ila vidole vilivyovuta kamba za meli maisha mazima vitakawia kuzihisi nukta zile 6, na diwani yake ingekuwa furushi la kubebwa kwa mkokoteni.

Kabla hujamwita, fungua faili kwenye simu yako, washa TalkBack, ile sauti ya simu za Android inayosoma yaliyo kwenye kioo, ufumbe macho usikilize shairi moja zima. Na ukikwama kwa neno la kale, usibahatishe. Mpigie mzee umsomee ukwapi. Utao atakumalizia mwenyewe.