Tupa ndani ya pilau: maswali yenu kuhusu kazi mradi za utenzi

Barua za safari hii karibu zote zimetua mahali pamoja: walimu mmewapa wanafunzi kazi mradi za Utenzi wa Fumo Liyongo, na sasa kazi zimerudi, hamjui mzifanyeje. Kwa aliyeusahau utenzi huo: Liyongo, pande la mtu wa pwani ya Pate, anafungwa na mfalme anayemwonea wivu. Anakata minyororo kwa tupa iliyofichwa ndani ya mkate, anatoroka, na mwishowe anauawa na mwanawe wa kumzaa kwa sindano ya shaba kitovuni. Muhammad Kijumwa wa Lamu aliuandika mwaka 1913, na una beti zaidi ya 200. Tuanze.

Nafundisha kidato cha tatu hapa Chamwino, mkondo mmoja una wanafunzi 84. Wengine wamechora, wengine wameigiza. Kazi zinapendeza, lakini nikishika kalamu nyekundu nakwama. Nitatoaje alama bila kumwonea asiyejua kuchora?

Mwalimu mwenzangu, kalamu imekugomea kwa sababu hukuiambia itafute nini. Hata mimi yalinikuta. Mwaka mmoja niliagiza makundi yahamishie tukio la gerezani huku kwetu, liwe la Dodoma. Kundi la kwanza lilikuja na kanzu za kuazima, ngoma na vichekesho tele. Mama Liyongo akampa kijakazi sinia la pilau, tupa imefukiwa chini ya wali. Darasa likavunjika mbavu. Kundi la pili sauti zao zilisikika kwa tabu. Mama wao alisonga ugali wa uwele uliojaa pumba, mlinzi akaunusa, akatema mate, akasema, "Mpelekee huyo mfungwa wenu."

Walioelewa utenzi ni hao wa ugali. Kwenye beti, chakula kizuri alichopelekewa Liyongo kiliishia kwa walinzi. Ndiyo maana tupa ikawekwa ndani ya mkate wa wishwa, yaani wa makapi, ili waudharau na kuuacha upite. Pilau lingeliwa na mlinzi, tupa ingemgonga jino, na utenzi ungeishia hapo. Nami, naungama, siku ile niliwapa wa pilau alama nyingi zaidi kwa sababu walinichekesha.

Tangu hapo napima uamuzi. Kila kazi iambatane na nusu ukurasa wa maelezo: nimechagua nini, nimeacha nini, nimebadili nini, na ni ubeti gani unaoniruhusu. Kwangu kazi ina alama 20: nane za uamuzi na ushahidi wa beti, nne za usahihi wa matukio, sita za fani, mbili za urembo. Ndiyo, mbili tu. Wanafunzi waambie mgawanyo huo kabla hawajaanza, si siku ya kusahihisha. Na kwa watoto 84, soma kwanza ile nusu ukurasa, ndipo uinue macho ukutani.

Shikamoo mwalimu. Mwanangu anasoma huku Mpwapwa. Kila jioni ni kuchora na kuimba, eti ndiyo Kiswahili. Mtihani wa taifa una swali la kuchora?

Marahaba, mzazi. Hauna. Una maswali yanayotaka hoja na mifano kutoka kwenye kazi alizosoma, na hapo ndipo wengi huanguka, kwa sababu walikariri uchambuzi wa mtu mwingine. Leo jioni mwulize mwanao: kati ya matukio yote, kwa nini umechora hili? Akikujibu kwa sentensi tatu zenye sababu, mwache aendelee kuchora. Akikujibu "mwalimu kasema," basi una haki ya kulalamika, na uje shuleni.

Wanafunzi wangu wa Bahi wanasema lugha ya utenzi si Kiswahili. Na wakiwa wenyewe wanapiga stori kwa Kigogo. Niwaruhusu waimbe kwa Kigogo na zeze?

Waruhusu, ila uwape kazi ya maana. Liyongo akiwa gerezani alimwimbia kijakazi Saada wimbo wa kumpelekea mama ujumbe. Kwa hiyo waagize watunge wimbo wa Kigogo ambao mlinzi asiyejua mafumbo ataucheza tu, lakini mama ataelewa kwamba anaambiwa alete tupa. Kisha waandike kwa Kiswahili sanifu: fumbo liko wapi, limefichwaje, mlinzi anasikia nini na mama anasikia nini. Mwanafunzi akifika hapo ameshaelewa kwa nini kuna wimbo ndani ya hadithi ya vita na hila, jambo ambalo notisi za ubaoni hazijawahi kumfundisha mtu. Nchi iliyomlea Hukwe Zawose, gwiji wa muziki wa Kigogo, isiogope zeze darasani.

Kuhusu lugha, hicho ni Kiswahili cha Lamu. Wape mlango wa kuingilia: huko maji ni *mayi*, nchi ni *nti*, macho ni *mato*, kuja ni *kuya*. Waache wakusanye mengine wenyewe, kila kundi kikamusi cha maneno thelathini. Wanaosema Kigogo na Kirangi nyumbani huwa wepesi wa kunusa mabadiliko ya sauti kuliko tunavyowadhania.

Hatuna hela ya manila wala rangi. (Mwalimu, Kondoa)

Wewe wa Kondoa ndiye unayeniuliza hivyo? Kolo iko mlangoni kwako. Michoro yake ya miambani imo katika urithi wa dunia tangu 2006, na waliochora hawakwenda dukani. Waambie wasimulie utenzi mzima kwa picha sita tu, bila neno hata moja, kwa mkaa au udongo mwekundu juu ya boksi kuukuu. Sita, zisizidi. Kazi iko kwenye kuacha.

Mwanafunzi ameniletea utenzi wa beti 20 kuhusu kifo cha Liyongo. Nashuku ameandikiwa na akili mnemba. Nifanyeje?

Usimkamate kwa kelele. Kwanza hesabu mizani, yaani silabi, kwani mashine nyingi hujikwaa hapo: mishororo minne, kila mmoja mizani minane, mitatu ya mwanzo vina sawa, wa nne unabeba kina cha bahari, kile kinachorudi mwishoni mwa kila ubeti, hadi mwisho wa utenzi. Kisha mkalishe mbele yako atunge ubeti mmoja tu wa nyongeza, mahali utakapochagua wewe. Mimi huchagua kisimani: Liyongo ameshachomwa, amepiga goti, uta mkononi, amekata roho, na mji mzima hauthubutu kuteka maji kwa sababu wanadhani yu hai. Nikisubiri daladala nilijaribu mwenyewe:

*Maji wote twayataka*
*koo zimetukauka*
*ndoo tupu tumeshika*
*hakuna wa kuthubutu*

Si ubeti wa kushangilia. Lakini mtoto wa Dodoma aliyewahi kupanga foleni ya ndoo alfajiri ana la kusema kuhusu kisima hicho kuliko mimi, na akilisema, hata kwa mizani saba, mpe alama zake.

Mimi ni mwanafunzi wa kidato cha tatu. Nataka kuandika barua ya mtoto wa Liyongo, na mwisho nimwokoe baba. Inaruhusiwa?

Inaruhusiwa, mwanangu, lakini ukishavunja ubeti mmoja, vingapi vinaanguka nyuma yake? Kijana ameahidiwa makubwa na mfalme. Akikataa, arudi wapi? Na kabla hujamwokoa baba, rudi usome pale alipoulizwa ni kitu gani kinaweza kumuua. Soma polepole namna anavyojibu. Uniandikie baadaye: kweli Liyongo hakujua anayeuliza swali hilo ni nani, na kwa niaba ya nani?

Kazi ya kikundi: mmoja anafanya, watano wanalala. (Mwalimu, Kongwa)

Siku ya kuwasilisha, mchague wewe wa kujibu maswali, na alama yake iwe ya wote. Watangazie siku unapotoa kazi. Wakilalamika, waambie ni mimi niliyekushauri.