Usinywe kikombe hata kimoja cha dawa ya Kichina kabla hujapiga picha ya mirija ya uzazi

Dada mleta uzi, hiyo hela ya Jumatatu usiitoe. Umeandika una miaka 34, ndoa ina miaka 3 bila mtoto, siku zako zinakuja zinavyotaka, na unaenda kulipia dozi ya miezi sita kwenye kliniki ya Wachina kwa sababu walikushika mkono "wakajua tatizo". Umeuliza kama sindano zao za kuchoma mwilini (akupancha, zisizo na dawa ndani) zinauma, kama mumeo naye anywe na kama bei inapungua. Mirija yako imepigwa picha? Mumeo amepeleka mbegu maabara? Nimesoma uzi wako mara mbili, hivyo vipimo viwili havimo. Mimi ndipo nilipoizika miaka yangu.

Nilikuwa Guangzhou, mume wangu akisafirisha mizigo kwenda Dar. Nilikuwa na miaka 32. Kichina changu kilikuwa cha sokoni tu, cha kutaja bei na rangi, kwa hiyo Mtanzania mwenzetu aliyekuwa anasoma kule akajitolea kunipeleka kwa daktari wa dawa za asili na kunitafsiria. Daktari alikuwa mama mtu mzima. Aliniwekea vidole vitatu kwenye kifundo cha mkono, akahamia mkono wa pili, akatazama ulimi, akauliza kama damu ya hedhi ina mabonge na kama miguu inapoa usiku. Mtafsiri akaniambia, "Kizazi chako kina baridi, na figo zimechoka." Katika tiba yao figo ndiyo hazina ya nguvu za uzazi, sio kuchuja damu tu, kwa hiyo usije ukakimbilia kupima figo ukisikia hivyo.

Nikapewa vifurushi vya mitishamba yao: mizizi ya danggui na shudihuang, mbegu za tusizi. Unachemsha kwenye chungu cha udongo, kikombe asubuhi na kikombe jioni. Maji ya baridi marufuku, tikiti marufuku, miguu kwenye maji ya moto kila usiku. Jirani yetu Mnaijeria aligonga mlango akauliza nani anachemsha tairi.

Na hedhi ikanyooka! Siku 29, 28, 29. Maumivu yakapungua. Hapo ndipo nilipofungwa macho, na wewe ndipo watakapokufunga. Mzunguko ukinyooka, pengine yai linatoka. Hauelezi chochote kuhusu njia ambayo yai linapita. Yai linaweza kutoka kila mwezi likakuta mlango umefungwa, na mirija ikishaziba kwa makovu ya maambukizi ya zamani, hakuna chai itakayoyatoa makovu hayo. Mimi nilinywa miezi 11.

Mwezi wa 12 tangu nianze dozi, kipimo cha mkojo kikaonyesha mistari miwili. Nililia, mume wangu akalia, tukapiga simu nyumbani. Wiki mbili baadaye nikaona matone ya damu, na maumivu upande mmoja wa chini ya tumbo. Nilimpigia mtafsiri, sio hospitali. Akasema mimba inataka kushuka, dawa ya kuishikilia ipo, akaniletea mwenyewe. Nikainywa siku tatu. Siku ya nne bega likaanza kuuma, nikaanguka bafuni. Mimba ilikuwa ndani ya mrija na mrija umepasuka. Walinifungua usiku huo huo. Mrija wa kulia ukatolewa, na wa kushoto wakaukuta umevimba maji.

Sasa sikia hili. Kule wakati ule mgonjwa alikuwa anatembea na daftari lake la matibabu, kila daktari akiandika humo. Yule aliyenipasua akalifungua, akaweka kidole kwenye mstari mmoja, akaniuliza kwa nini sikuenda. Nesi anayejua Kiingereza akanisomea: shuluanguan zaoying. Picha ya mirija. Yule mama wa dawa za asili aliiandika nilipoenda mara ya pili, akaiandika tena mwezi wa tatu wa dozi! Mtafsiri hakuwahi kuitamka. Baadaye tukajua alikuwa anakatiwa chake kwenye kila kifurushi ninachonunua, na picha ya mirija haikuwa na kamisheni.

Kaka mtafsiri, kama unasoma hapa, ulikula pilau mezani kwangu. Ulinitazama nikinywa. Ulijua kusoma.

Kwa hiyo mtu asiniambie nawachukia Wachina. Daktari wao mwenyewe alitaka picha kwanza. Nauliza hao wa kwako, mbona hawajakutuma?

Na kwa sababu siku zako hazieleweki, huenda ni PCOS, yaani tatizo la homoni linalovuruga utokaji wa mayai, hilo nalo linapimwa kwa ultrasound na damu. Kule kule China walijaribu sindano kwa wanawake 1,000 wenye PCOS katika hospitali 21, matokeo yakatoka 2017. Waliopewa klomifeni, kidonge cha kusaidia yai litoke, na sindano za kweli, kama 29 katika kila 100 walijifungua. Klomifeni na sindano za kuigiza, 28. Waliochomwa sindano za kweli bila klomifeni, 14. Za kuigiza bila klomifeni, 17. Kidonge ndicho kilichofanya kazi.

Picha ya mirija inapigwa damu ikishakata, kabla ya siku ya kumi ya mzunguko. Inauma kama hedhi mbaya kwa dakika chache. Uliza kuhusu dawa ya maumivu kabla hujapanda kitandani. Mumeo akae siku 2 hadi 7 bila tendo ndipo apeleke mbegu. Asikwambie yeye ni mzima kwa sababu ana nguvu, nguvu na mbegu ni vitu viwili. Mkishikilia karatasi zote mbili, ukitaka danggui, kunywa tu, na mwambie daktari wako kwamba unakunywa.

Mimi sasa nina miaka 41. Huu mrija uliobaki lazima utolewe kabla ya kupandikiziwa mimba (IVF), maana maji yake yakirudi kwenye kizazi yanaharibu mimba changa.

Hedhi yako ya mwisho ilianza tarehe ngapi? Jibu hapa hapa nikuhesabie siku ya kwenda.