Kisu cha mhunzi kinajaribiwaje?

SWALI: Shikamoo mzee. Nimenunua kisu kwa wahunzi wa Mamba, jirani na Marangu. Kimefuliwa kwa springi ya gari na mpini wake ni wa mninga. Nakitaka kwa kila kazi: majani ya ng'ombe, kuchuna mbuzi, kukata kamba, hata jikoni. Kilipokuwa kipya kilinyoa vinyweleo vya mkono, lakini karibu na ncha kuna doa la buluu. Nitajuaje kama ni kisu cha kutegemea? Msomaji, Himo.

JIBU: Marahaba mwanangu. Huko kunyoa vinyweleo usikutilie maanani sana, maana hata kipande cha nondo ukikinoa kwa subira kitanyoa. Angalia makali yanadumu vipi kazini, na yakiisha, yanaishaje.

Springi ni pua, yaani chuma kilichochanganywa na kaboni karibu asilimia 0.6, nayo inatosha kabisa kwa kisu. Mhunzi hukipasha mpaka sumaku isikishike tena, nyuzi 770 hivi za Selsiasi, akaongeza moto kidogo, kisha akakizamisha kwenye mafuta. Hapo kinakuwa kigumu mno na chepesi kuvunjika, kwa hiyo lazima akirudishe kwenye moto mdogo, karibu nyuzi 200. Akiiruka hatua hiyo, makali yatameguka. Na kama moto wa kwanza haukutosha, yatajikunja.

Basi tafuta kamba nene ya katani, kwa sababu katani inakula makali kweli. Ikate juu ya ubao kwa sehemu ileile ya kisu, mpaka kianze kuteleza badala ya kuingia. Toka nje juani, geuza makali juu, uyatazame kwa urefu wake. Makali mazima hayaonekani kabisa. Yaliyojikunja yanarudisha mwanga, utaona mstari mwembamba mweupe. Yaliyomeguka yana vijino. Pitisha ukucha taratibu na utakwama. Kama yameisha tu kidogo kidogo bila mstari wala vijino, na yanarudi ukiyapitisha kwenye jiwe mara chache, umepata kisu.

Doa la buluu huenda limetokana na grenda. Chuma hugeuka buluu kikifika kama nyuzi 300, na hapo ugumu wake umepungua. Kama doa liko ubavuni tu, liache. Likiwa limefika kwenye makali, sehemu hiyo itakuwa laini kuliko nyingine. Inoe kwa jiwe lenye maji, kidogo kidogo, mpaka uipite. Grenda usiirudie, tafadhali. Naumia nikiona kazi ya moto na nyundo inaharibiwa na mtu mwenye haraka ya kunoa.

Springi iliyobeba mizigo miaka mingi inaweza kuwa na ufa usioonekana kwa macho. Paka kisu mafuta ya taa, subiri kidogo, kifute kikauke, kisha kinyunyizie unga wa chaki. Penye ufa, mafuta yatatoka na kuchora mstari kwenye chaki. Ukiuona, usikitumie.

Jikoni mtihani ni karoti. Wahunzi wengi huacha mgongo mnene kwa sababu springi yenyewe ni nene, na kisu cha namna hiyo hupasua karoti badala ya kuikata. Kwa kisu cha kazi zote napenda mgongo wa milimita 3, usizidi 4, na ubapa uwe unapungua mpaka kwenye makali. Kwa mbuzi, shika mpini mkono ukiwa na mafuta, usukume ncha kwenye gogo polepole. Mkono ukisogea kuelekea makali, mpini unahitaji kuchongwa upya. Hakikisha pia msuka, yaani ile sehemu ya chuma inayoingia ndani ya mpini, umefika mwisho wa mpini.

Utomvu wa migomba utakifanya cheusi. Weusi huo hauna madhara, ila kutu ndiyo ya kuifuta. Kikaushe na ukipake mafuta ya kupikia kabla ya kukirudisha kwenye ala, kwa sababu ngozi inatunza unyevu.

Yakijikunja au kumeguka, kirudishe Mamba. Mwonyeshe mhunzi mahali penyewe na umweleze ulikuwa unakata nini. Kilichojikunja anaweza kukipasha na kukizamisha upya; kilichomeguka atakirudisha kwenye moto mdogo, kisha akinoe kupita vijino.