Barua niliyoihifadhi tangu 1983

Umoja, Nairobi

Mwanangu mpendwa,

Jumapili iliyopita, matatu yetu ilipokwama kwenye msongamano wa University Way, ulilitazama lango la Chuo Kikuu kisha ukaniuliza kama huwa najuta kutomaliza masomo pale. Nilicheka, nikakuambia utoe nauli. Swali lako halikustahili kicheko, na kwa kuwa ulimi wangu huwa mzito mbele ya watu, nimeona heri nikujibu kwa kalamu.

Hadithi unayoijua ni kwamba niliingia pale mwaka 1981 kusomea uhandisi, jaribio la mapinduzi la tarehe 1 Agosti 1982 likatufungia chuo, na kilipofunguliwa tena mwaka uliofuata babu yako akaniomba nibaki Gikomba kuuza mbao ili wadogo zangu wapate karo. Ndivyo nilivyowasimulia wewe na ndugu zako, na ndivyo shangazi zako wanavyoamini hadi leo. Nusu ya kwanza ni kweli. Redio ilipotangaza asubuhi ile kwamba serikali imepinduliwa, baadhi yetu tulitoka mabwenini tukishangilia, na siku zilizofuata mwenzangu wa chumba kimoja alikamatwa. Sisi wengine tulirudishwa makwetu. Huko Machakos nilitakiwa kuripoti kwa chifu kila wiki, nikapanga foleni kama mhalifu mbele ya majirani walioniombea nilipokuwa nikienda chuoni.

Uwongo unaanzia kwenye nusu ya pili. Barua ya kuniita ilipofika, nilikuwa na miezi kadhaa nikimwekea mjomba hesabu za mbao, nami nilikuwa nimekwisha kuonja pesa ya jasho langu. Babu yako alikuja Gikomba na basi la asubuhi, akasimama katikati ya vumbi la mbao na kofia yake mkononi, akaniambia kwamba ameuza mtamba, kwamba karo za wadogo zangu zimepatikana, kwa hiyo nirudi chuoni. Serikali ndiyo iliyokuwa ikitugharamia masomo siku zile, na tulipewa hata posho tuliyoiita ‘boom’. Hakuna aliyenizuia. Niliogopa kurudi katika chumba alichokamatiwa mwenzangu, na niliona aibu kuwa tena mtu wa kusubiri posho. Nilimwambia mzee nitafikiria, nikamnunulia chai na mandazi, nikamsindikiza stendi. Alipofariki, nikageuza maneno yake, nami nimemsingizia miaka yote hii.

Barua ile niliikunja nikaitia katika mkebe wa biskuti pale kibandani, pamoja na risiti. Kila mwaka ulipokuwa mbaya niliitoa nikaisoma, na kila nilipoisoma nilimwona yule mhandisi ambaye ningekuwa: ana gari, ana ofisi yenye dirisha, hajawahi kuumwa mgongo. Ni rahisi mtu wa namna hiyo kukushinda, maana hajawahi kuishi hata siku moja. Miaka ya tisini, serikali ilipokuwa ikipunguza wafanyakazi, mmoja wa niliosoma nao alikuja kwangu kununua mbao za banda la kuku. Alikuwa amemaliza masomo, ameajiriwa, kisha ameachishwa kazi. Aliomba nimpunguzie bei, nikampunguzia, na alipoondoka nilifurahi. Nilifurahi, mwanangu, na usiku ule sikulala, kwa sababu nilijua kwamba mtu aliyekwisha kupona hafurahii anguko la mwenzake.

Unajua moto wa Gikomba wa Juni 2018. Watu walikufa usiku ule, hivyo sitalinganisha hasara yangu na ya mtu. Nilipofika nilikuta msumeno wangu wa mashine umejikunja kama ukambaa, na vitabu vya madeni vimekuwa majivu, nikaketi juu ya ndoo nikalia. Nililia kwa sababu ya msumeno. Nililia kwa sababu ya wateja ambao nisingeweza tena kukumbuka nani ananidai na nani namdai. Wiki mbili baadaye, tukichagua mabati ya kibanda kipya, ndipo nilipokumbuka kwamba hata ule mkebe uliungua. Barua niliyoihifadhi miaka 35 ilikuwa imeteketea, na mimi nilikuwa nikililia msumeno.

Kwa hiyo nikikujibu kama najuta, nitasema kwamba tukipita University Way shingo yangu bado hugeuka, nawe umeliona hilo. Lakini silitamani tena lile gari wala lile dirisha. Ninachokijutia kwa dhati ni kwamba niliufanya uamuzi wangu kisha nikaupachika jina la mtu mwingine, na ndiyo maana sikuweza kuuzoea. Ni vigumu mtu kukaa kwa amani katika nyumba anayowaambia watu kwamba alifungiwa humo.

Sasa nawe. Baada ya mkataba wa Julai 2021 baina ya Kenya na Uingereza kuhusu wauguzi, ulipata nafasi, ukaiacha, na rafiki yako hukutumia picha kutoka Leeds. Nimekusikia ukiwaambia watu kwamba ulibaki kwa sababu mama yako alikuwa anaumwa. Aliumwa, kweli. Lakini nilikuwepo alipokunja sweta zako akazipanga sandukuni, akakuambia uende. Sijui sababu yako ya kubaki, na si lazima unieleze. Huenda ni nzuri kuliko yangu. Ninachokuomba ni usimwachie mama yako aibebe, maana yeye yu hai na anayasikia hayo unayosema.

Shangazi zako nitawaambia mwenyewe Desemba, tukikutana Machakos. Ningependa uwepo. Nadhani yule mkubwa atakasirika sana, kwa kuwa miaka yote ile amekuwa akinishukuru.

Ni mimi,
Baba yako