Kabla ya kupanda ndege ya Peru: majibu kwa wasomaji

Wengi mlioandika mnataka kwenda Cusco, mji wa milimani, na Machu Picchu, magofu ya mji wa kale wa Wainka. Pale ambapo mtu anaweza kuumia nimejibu kwa kirefu. Kwingine nimepita haraka.

Nimefika kilele cha Kilimanjaro mara mbili na sikuumwa hata kichwa. Kuna haja ya kuihofia Cusco? (Msomaji, Moshi)

Ipo, kaka. Kilimanjaro unaupanda kwa miguu: siku moja lango la Marangu hadi Mandara, siku ya pili hadi Horombo, mita 3,720, na waongozaji wakikuhimiza "pole pole" njia nzima. Cusco iko takriban mita 3,400, na wageni wengi huifikia kwa ndege kutoka Lima, mji wa pwani, kwa muda wa saa moja na kitu tu. Mwili haupati nafasi ya kujipanga. Na mazoea ya mwinuko hayakai; ukirudi chini, hupotea ndani ya wiki chache.

Ukitua Cusco, pitiliza siku hiyohiyo hadi Bonde Takatifu, ulale Urubamba au Ollantaytambo, karibu mita 2,800. Toka hapo uende Machu Picchu, ambayo iko chini zaidi, mita 2,430, halafu ndipo urudi kuutembelea mji wa Cusco. Siku mbili za mwanzo usijichoshe, kunywa maji ya kutosha na uache pombe. Mlima Vinicunca, ule wa mistari ya rangi, unapita mita 5,000. Uache hadi siku za mwisho. Kuna mawakala wanaouza safari hiyo kwa mgeni aliyetua jana yake. Linanikera, maana madhara yake wanayajua.

Kichwa kikiuma, tumbo likichafuka na usingizi ukikataa, huo ndio ugonjwa wa mwinuko, ambao wenyeji huuita soroche: pumzika, usipande zaidi. Lakini mtu akianza kupepesuka, kuchanganyikiwa, au kuhema akiwa ameketi, ateremshwe mara moja, hata iwe usiku wa manane. Dawa ya acetazolamide husaidia kuzuia hali hiyo. Mwone daktari kabla ya safari, hasa kama una mzio wa dawa za salfa.

Mdogo wangu ana selimundu. Naweza kwenda naye? (Msomaji, Mwanza)

Kwa Cusco na Puno, mji mwingine wa milimani, dada yangu, jibu langu ni hapana, mpaka daktari anayemtibu aseme vinginevyo. Oksijeni ikipungua, chembe nyekundu za damu hujikunja na kuziba mishipa. Hata safari ndefu ya ndege yenyewe muiulizie kwa daktari huyo. Daktari akiridhia, pwani ipo: Lima na Paracas ziko usawa wa bahari, na huko Paracas mtaona simba wa bahari na ndege wengi visiwani.

Nawaomba na wengine mlisikie hili. Wapo watu waliorithi kinasaba kimoja tu cha selimundu, wasioumwa chochote nyumbani, ambao wengu wao uliharibika walipopanda milima mirefu. Kinasaba hiki kimeenea sana kwetu. Kipimo chake ni cha damu tu. Pima kabla ya kukata tiketi.

Kadi yangu ya homa ya manjano ni ya mwaka 2012. Imeisha muda? (Msomaji, Dodoma)

Haijaisha. Tangu Julai 2016 cheti hicho kinatambuliwa kwa maisha yote. Ambaye hajachanjwa achanjwe angalau siku 10 kabla ya safari, hasa kama atafika Iquitos, Puerto Maldonado au kwingine kwenye misitu ya Amazon. Kadi isikae kwenye begi la chini, kwa sababu wakati wa kurudi nyumbani utaulizwa: Peru ni nchi yenye ugonjwa huo. Iquitos ina malaria pia, kwa hiyo usijidanganye kwamba umeizoea ya kwetu.

Ni kweli hotelini wanakaribisha wageni kwa chai ya majani ya koka? (Msomaji, Zanzibar)

Ni kweli, na nchini humo ni halali. Ila usirudi na hata jani moja mfukoni, kwa kuwa nchi nyingi huyahesabu kuwa dawa za kulevya. Na kama kazini kwenu hupimwa mkojo, usiinywe kabisa. Inaonekana kwenye kipimo.

Nitakuwa Lima peke yangu, mwanamke. Nijihadhari na nini? (Msomaji, Nairobi)

Teksi kwanza. Teksi za barabarani hazina mita, na wapo wahalifu wanaojifanya madereva, wakamzungusha abiria kwenye ATM moja hadi nyingine. Ita gari kwa programu ya simu au kupitia hoteli, ulinganishe namba za gari kabla ya kufungua mlango. Simu usiitoe ukiwa ukingoni mwa barabara, maana wakwapuzi wa pikipiki ni wepesi. Mitaa ya Miraflores na Barranco ina utulivu zaidi, lakini wizi upo huko pia.

Tangu 2024 serikali imetangaza hali ya hatari mara kadhaa katika sehemu za Lima na Callao, ulipo uwanja wa ndege. Polisi wanaweza kukusimamisha, hivyo tembea na nakala ya pasipoti. Namba ya polisi ni 105. Pesa za sol za bandia ni nyingi, na dola iliyochanika hata kidogo hukataliwa.

Tiketi ya bei nafuu inapitia Miami. Niichukue? (Msomaji, Arusha)

Bila viza ya Marekani, usiichukue. Hata anayebadilisha ndege tu anatakiwa awe nayo. Angalia njia ya Addis Ababa hadi São Paulo, kisha Lima, na uulize masharti ya viza kwenye ubalozi wa Peru kabla ya kulipa.

Nimepata likizo Februari. Vipi Machu Picchu? (Msomaji, Dar es Salaam)

Mvua ni kubwa mwezi huo, udongo huporomoka, na ile njia ya miguu ya Inca hufungwa kwa matengenezo. Magofu yenyewe hubaki wazi. Mei hadi Septemba ni bora. Wakati wowote utakapokwenda, tiketi nunua mapema, maana idadi ya watu kwa siku ina kikomo. Kisha usipange ndege ya kurudi nyumbani siku inayofuata: migomo hufunga barabara na reli bila huruma, na mwishoni mwa 2022 mamia ya watalii walikwama chini ya Machu Picchu. Acha siku mbili za akiba Cusco au Lima.